Mashuka Yasiyo na Mchanga

Kisiwani, 2 Juni

Dada,

Kisiwa hiki kilikuwa kinaelea tu ovyo mpaka nilipofika mimi nikakitia nanga. Usinicheke, uliza yeyote. Wageni wakishuka kwenye boti, kabla hawajauliza choo kiko wapi, wanauliza mimi niko wapi. Meneja wetu, mtu mzima na kipara chake, na vyeti vyake vyote ukutani, akikwama ananivuta pembeni: "Bwana mdogo, hapa tufanyeje?" Namwambia. Anafanya. Mambo yananyooka. Na shule niliiachia njiani! Ningeimaliza si mngekuwa mnasimama barabarani kupisha msafara wangu?

Navaa tai. Hilo msomee Mama mara mbili: tai. Nakaa mapokezi, mbele kabisa, penye feni na maua, natoa funguo na kupokea tabasamu. Mikono yangu haigusi maji ila ya kunywa. Mama atakumbuka nilichomwambia siku naondoka, kwamba mimi sitaozea kwenye povu kama yeye. Basi neno langu nimelisimamia.

Loo, nimesahau shikamoo kule juu. Ipokee huku chini, na ya Mama umpe yake ikiwa bado ya moto.

Ni mimi,
Mkuu wa Mapokezi, Kisiwa Kizima


Nyumbani, 9 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Mama naye kapokea yake, kacheka mpaka kashika mbavu. La tai nimelisoma mara mbili, yeye akataka na ya tatu. La povu sikulisoma. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda, akakulea wewe kwa povu hilohilo, halafu mimi nimfungulie mdomo nimsomee hayo? Nilisema hapo mwandiko hausomeki. Akajibu, "Mwandiko wake ndivyo ulivyo tangu zamani."

Na usiniambie nipige simu. Mama anataka barua. Anasema simu ikikatwa imekwenda, lakini barua anaweza kuniambia nirudie.

Sasa nisikilize. Hapa naandika peke yangu, Mama yuko uani anaanua nguo. Macho yake yanakwenda. Tumefika kwa daktari, na daktari hakuzunguka: yanayopotea hayarudi, na yaliyobaki yatafuata, huenda kabla mwaka haujaisha. Kwa sasa anaona pale katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nimebakiwa na muda wa kuona nini?" Tulipofika nyumbani akalijibu swali lake mwenyewe. Anataka kuiona bahari na kuitia miguu. Na anataka kukuona wewe kazini. "Nimwone Chiriku amesimama na tai yake," kasema. Mawili hayo, basi.

Bahati imeangukia mapajani. Yule bibi harusi niliyemshonea gauni, mama yake ana nyumba za wageni huko kisiwani, kila upande anayo. Kafurahi na mshono, katupa wiki nzima ya Julai, na kasema tuchague wenyewe upande wa kukaa. Mimi kisiwa nakijua kwa picha za kalenda. Wewe ndiye mwenyeji. Tukae upande gani?

Jibu upesi, na jibu kwa akili.
Dada yako


Kisiwani, 15 Juni

Dada, na Mama unayesikiliza hapo,

Umemuuliza mwenyewe. Watu wanasoma vitabu vya safari, wanauliza madereva, wanadanganywa. Mimi kisiwa hiki nakisoma kama kiganja changu. Kaa vizuri.

Kaskazini msijaribu. Huko ni vijana, muziki unapigwa mpaka samaki wanahama. Wanakwenda kulala saa Mama anayoamka. Na mashuka yao! Mvinyo mwekundu, mafuta ya kujipaka juani, na kuna kitu fulani cha kijani ambacho mpaka leo hakuna aliyekitambua wala kukitoa.

Mashariki ni pazuri kwenye picha, lakini bahari ya huko ina dharau. Asubuhi iko mlangoni, mchana imeondoka kimya kimya, unaifuata huko ilikokwenda kama wewe ndiye uliyeikosea. Mnakanyaga miiba. Mashuka ya huko yana alama za damu upande wa miguuni, kila wiki.

Bandarini, ambako ndiko hoteli yetu iliko, ndiyo kabisa msisogee. Boti zinapiga honi, moshi, harufu ya samaki, watoto wanakimbizana. Mchanga mpaka ndani ya foronya! Ukikung'uta shuka moja la bandarini unapata mchanga wa kujengea banda la kuku.

Sasa upande wa mawe. Huko ndiko. Mashuka yake yanarudi kama hayakulaliwa. Hakuna mchanga hata chembe. Chembe! Hao ni watu wastaarabu, wananawa miguu, wanalala kama wako ndani ya bahasha. Kimya, upepo, bahari mbele ya baraza. Mama atakaa kama malkia aliyestaafu.

Ni mimi,
Ramani ya Kisiwa

Karatasi hii ndogo usimsomee. Kuhusu macho, nimeanza kuandika nikafuta, nimeanza tena nikafuta. Sina utani wa kuweka hapo. Nendeni upande wa mawe. Nitawafuata hukohuko mwenyewe, siku yangu ya mapumziko, na tai nitakuja nayo. Hotelini msije. Meneja hapendi jamaa za wafanyakazi wajazane mapokezi.


Nyumbani, 22 Juni

Chiriku,

Mama kasikiliza barua yako yote kaegemeza shavu kiganjani. Nilipomaliza akasema, "Huyu amejifunza kutazama mashuka." Halafu akawa anatabasamu peke yake. Na mimi hilo hilo limenikwama: mtu wa mapokezi mchanga wa ndani ya foronya anaujuaje?

Haya. Shoga yangu muuza vitambaa aliwahi kufika huko. Anasema bandarini ndiko kwa wazee: mchanga tambarare, mtu anatembea mpaka majini kama anavyokwenda jikoni kwake. Upande wa mawe yeye hakufika, anausikia tu. Nami nauliza, mawe gani hayo? Kuna ngazi? Magoti ya Mama unayajua, akipanda kitandani anaomba ruhusa ya kila goti. Na kama kazi yako iko bandarini, si ndiyo vizuri tukae jirani yako, Mama akakuona kila siku, badala ya kukusubiri siku moja?

Nimeanza kumshonea gauni la bluu. Kasema ni la siku ya kukutana na mkuu wa mapokezi.

Dada yako


Kisiwani, 27 Juni

Dada mwenye maswali kama karani,

Ngazi! Umesikia neno "mawe" ukaona mlima. Ngazi zilizopo ni vidato vya urembo, vya kupigia picha, bibi kizee anashuka huku anasuka. Unanibishia mimi kwa maneno ya muuza vitambaa? Basi na mimi nikuulize wewe habari za meli.

Mashuka nayajua kwa sababu mkuu wa kweli hakai kitini. Anakagua. Naingia kila mahali, nanusa, nagusa, nakemea. Ndiyo maana kisiwa hakijazama.

Bandarini hakuna raha, nimesema. Na mimi kazini nina watu wengi wa kunihitaji, mngekaa jirani mngeniona mgongo tu. Upande wa mawe nitakuja nimetulia, tukae barazani, Mama anitazame mpaka achoke. Mwambie mwenye nyumba: upande wa mawe. Dereva wake atawachukua palepale mnaposhuka, msizubae bandarini, kuna vibaka.

La gauni la bluu, lishone na mifuko. Nitampa magamba ya chaza.

Ni mimi,
Asiyebishiwa


Kisiwani, 21 Julai

Dada,

Najua umenuna. Nakuona mpaka huku, umeng'ata uzi na hutaki kuutema.

Ilikuwa hivi. Alikuja mgeni mkubwa, mkubwa hasa, mtu wa walinzi. Meneja akanishika bega: "Bwana mdogo, wewe ukiondoka leo tumekwisha." Ningefanyaje? Nikasema kesho. Kesho yake mgeni akaugua tumbo. Kesho kutwa akataka mimi tu nimpelekee limau. Wiki ikayeyuka mikononi mwangu kama kipande cha sabuni. Nilimtuma dereva salamu, sijui kama zilifika au alizila njiani.

Lakini tuseme ya maana. Mama alifurahi? Maji yalikuwaje? Aliingia mpaka wapi, kifundoni au magotini? Najua aliinua gauni akapiga kelele kidogo, anavyofanya akimwagikiwa na maji baridi. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Agosti

Wewe,

Mistari miwili haitoshi.

Vidato vyako vya urembo vimechongwa kwenye jabali, vinashuka mpaka kichwa kinazunguka, na hakuna pa kushika. Mama alishuka kidogo, nikiwa mbele yake kama mto wa kuangukia. Akasimama. Akakaa palepale. Akasema, "Nirudishe." Hapo ndipo mwisho wa safari yake ya baharini. Bahari ilikuwa chini huko, tunaisikia kama majirani wanaogombana, na yeye kwa lile tundu lake la ufunguo alipata bluu iliyochanganyika na bluu. Aliniuliza, "Hii ninayoona ni maji au ni mbingu?" Nikamwambia ni maji. Sikuwa na hakika.

Na sikuona mgeni hata mmoja akishuka. Wanakaa barazani, wanatazama, wanarudi kulala. Sasa ndiyo najua kwa nini mashuka ya huko hayana mchanga. Siyo ustaarabu, mwanaume. Hawaufikii.

Gauni la bluu alilivaa kila siku. Asubuhi analivaa, anakaa barazani akielekea njiani, si baharini. Akisikia gari ananyoosha kola. Jioni analivua, nalifua, ili kesho livaliwe tena. Wiki nzima. Salamu za dereva hazikufika.

Siku ya kuondoka boti ilichelewa, tukakaa bandarini. Na nikaona, mbele ya macho yangu, ule mchanga tambarare, na vikongwe kuliko Mama wameingia majini wanacheka. Nilitaka kumvua viatu tuingie hata dakika moja, lakini yeye alikuwa ananusa hewa. "Kuna sabuni hapa," akasema. "Nipeleke." Nyuma ya hoteli kubwa kuna uwanja wa kuanikia, kamba ndefu, mashuka meupe yamejaa. Akawa anayagusa moja moja, akifika kwenye lililo bichi anatulia. Pale kati akasimama, akaita "Chiriku." Mara moja tu, tena polepole, kama unavyomwita mtu asinziaye. Nikasubiri naye. Nikaona aibu, watu wanapita. Nikamwambia, Mama, ni upepo. Boti ikapiga honi tukaondoka.

Nilidhani macho yameanza kumpa na ndoto.

Tangu turudi yamekimbia. Juzi kagonga mlango anaopita miaka yote. Sasa anaujua mchana kwa joto lake. Daktari anasema hata lile tundu la katikati limefifia, si la kutegemea.

Hajakusema vibaya hata neno moja, mimi ndiye ninayekusema. Karatasi ya pili ni maneno yake. Kayatamka, nimeyaandika kama yalivyo, na nilipoyaandika ndipo nami nikaelewa.

Dada yako


Mwanangu Chiriku,

Dada yako ana hasira, mwache, anashona vizuri akiwa na hasira.

Siku tuliyofika nyumba ya mawe, kitanda nilitandika mwenyewe. Siwezi kulala juu ya kazi ya mtu nisiyemjua. Nikalichukua shuka likiwa limekunjwa. Pembe ya nne ilikuwa imeingizwa ndani ya pembe ya kwanza, na ncha imegeuzwa kama sikio la paka. Mkunjo huo sikufundishwa na mtu. Niliutoa kichwani mwangu kule hospitali, ili mashuka ya wodi yangu yasiibwe na wodi nyingine, na nimewafundisha watu wawili tu duniani. Mmoja ni dada yako, naye alikuwa amesimama mlangoni anatafuta chaja yake.

Basi nikajua uko wapi, na mikono yako inafanya nini.

Nilikaa kitandani nikacheka, mwanangu, mpaka dada yako akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Sikutaka kukusema. Nilijua utakuja mwenyewe, utaniambia mwenyewe, na mimi nitajifanya nashangaa. Nilikuwa nimeuandaa mpaka mshangao.

Mashuka yalikuwa safi. Sabuni unazidisha kidogo, haisuuziki vizuri, inawasha wenye ngozi laini.

Hapa nyumbani tulipoachana ulisema neno. Mimi nililisahau jioni ileile, naona wewe ndiye uliyelibeba. Litue.

Siku ile ya bandarini nilishika shuka bichi, nikadhani upande wa pili kuna mtu. Dada yako anasema ni upepo. Macho yangu hayana nguvu ya kubishana na mwenye macho. Basi ulikuwa upepo.

Ule vizuri.
Mama


Kisiwani, 12 Agosti

Dada,

Hii isome yote. Usiruke. Usiseme mwandiko hausomeki, nimeandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mama, shikamoo.

Mimi ni dobi. Nilipofika hapa nilikwenda mapokezi kweli, nikaomba kazi. Wakaniuliza cheti, nikawaonyesha meno. Yakawachekesha, wakanipeleka nyuma kwenye mapipa. Nimekaa huko tangu siku hiyo. Tai ninayo, haki ya nani, ilisahauliwa na mgeni ndani ya foronya. Nimeitundika kwenye msumari juu ya pasi. Huwa naivaa kidogo nikiwa peke yangu, halafu mvuke unailegeza.

Meneja hajawahi kuniuliza kitu. Sidhani kama anajua jina langu.

Mashuka ya kisiwa kizima yanaletwa kwetu, nyumba zote, pande zote. Hivyo ndivyo ninavyokijua kisiwa, kwa uchafu wake. Kaskazini sijafika. Mashariki sijafika. Upande wa mawe nimefika juzi tu, baada ya barua yenu, nikapanda juu ya furushi la mashuka kwenye gari la mizigo. Nilishuka zile ngazi mpaka chini. Nilishuka kwa makalio, Dada, mimi niliyesema bibi kizee anashuka huku anasuka. Chini kuna mchanga mzuri, msafi, hauna unyayo wa mtu. Nilikaa hapo nikautazama. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nawasifu watu kwa ustaarabu, kumbe nawasifu kwa kutofika. Ningeuliza dereva yeyote angeniambia. Lakini aulizaye anaonekana hajui, na mimi nilikuwa Ramani ya Kisiwa.

Hilo ni kosa la ujinga, Mama. Ujinga nakuomba unisamehe, nami naamini umeshanisamehe, ndivyo ulivyo.

Kwamba niliwatuma mbali ili msinione kwenye povu, nalo unalijua, mkunjo ulikwisha kunisema. Wiki ile nilifua mashuka yenu nikijua ni yenu. Nilitafuta mchanga. Kila yalipoletwa niliyakung'uta juani, nikakung'uta tena, nikisema leo lazima kutakuwa na hata chembe ya miguu ya Mama. Hata hivyo nikawaandikia kuuliza maji yalifika kifundoni au magotini, nami jibu nilikuwa nimeshaliona mikononi mwangu.

Limebaki moja.

Siku ile ya bandarini niliwaona tangu mnashuka kwenye gari. Gauni la bluu lilikuwa limepauka kwa kufuliwa, nikajua kwa jicho la kazi ni mara ngapi limeingia majini wiki hiyo. Nilikuwa nimefunga aproni iliyolowa, vibanio mdomoni, na vidole vimekunjamana vyeupe kama vyako vilivyokuwa ukirudi kazini. Nikasema nitajifuta mikono kwanza, nitoke. Nikajifuta. Nikasema niitoe aproni. Nikaona viatu vyako vinakuja chini ya mashuka, shuka kwa shuka, polepole, na vya dada vimebaki nyuma.

Ukasimama. Ukaweka kiganja. Shuka lilikuwa bichi, likagandamana na mkono wako, nikaviona vidole vyote vilivyopinda vimejichora mbele ya uso wangu, karibu kuliko karatasi hii ilivyo na pua yangu sasa. Ukaniita.

Siku ile macho yako bado yalikuwa yanaona. Ungeniona. Bila tai, lakini ungeniona, na lilikuwa shuka moja tu la kufungua. Nililishika kwa juu, pande zote mbili, lisifunguke. Nikabana pumzi mpaka honi ikapigwa na viatu vikaondoka.

Nakuja nyumbani kwa boti ya Jumamosi. Sitakuletea magamba, nakuletea maji ya bahari ndooni, ya bandarini, utie miguu. Najua siyo bahari. Najua na uso wangu utaugusa tu.

Haukuwa upepo, Mama.

Mwanao